Fundi na Bloki ya Silinda Sita

Bloki ya injini haibebwi mikononi. Inashushwa kutoka kwenye pikapu kwa winchi ya mnyororo, pete moja baada ya nyingine, na fundi husimama kando akiwa ameweka kiganja ubavuni mwa chuma ili kisizunguke. Hapa Tala, katika karakana ya mabati iliyo hatua chache kutoka barabara ya Kangundo, bloki iliyoshushwa ni ya Fuso ya silinda sita, lori lililopeleka mchanga wa mtoni Nairobi kwa miaka mingi. Matundu yake sita yalikuwa na kipenyo cha milimita 118 kila moja yalipotoka kiwandani Japani. Kazi ya fundi ni kujua yamepanuka kiasi gani, wapi, na kuyarudisha.

Anaanza na uchafu. Juu ya moto wa kuni kuna pipa lililokatwa, na ndani yake maji ya kostiki soda yanachemka. Studi na mabomba madogo ya mafuta yameshatolewa na kutiwa kwenye madebe. Vifuniko vya beringi kuu vimepigwa alama kwa patasi, kila kimoja na nambari yake na upande wake, kwa sababu kiwandani vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloki hii na haviwezi kubadilishana nafasi. Kijana anayejifunza kazi amevaa glovu za mpira. Anamwaga maji ya soda kwa kopo la mpini mrefu, na mzee, fundi mwenyewe, anafuata kwa brashi ya waya. Uchafu unatoka kwa tabaka: kwanza grisi laini, kisha mafuta yaliyoungua yakawa lami, kisha kutu nyekundu kwenye njia za maji. Kijana anaona chuma kimetakata, anaweka kopo chini. Mzee anachomeka waya mwembamba kwenye njia ya mafuta, anautoa mweusi, hasemi neno. Kijana anaokota kopo.

Chuma kikishakauka, ngozi yake inaonekana. Mahali palipochongwa kwa mashine ni laini na panang'aa. Kwingine kote pana mkwaruzo mdogo sawia, punje kwa punje. Huo ni mchanga. Bloki hii ilimiminwa ikiwa uji wa moto ndani ya kalibu ya mchanga, na kila punje iliyogusana na chuma iliacha alama yake ubavuni. Kuna nambari pia, zimeinuka juu ya ngozi, wala hazikuchongwa wala kugongwa. Zilikuwa zimeandikwa kwenye kielelezo kilichogandamizwa mchangani kabla ya chuma kufika. Mzee huzisugua kwa kidole gumba kabla ya kuzisoma, kisha anaziandika ukutani kwa chaki, kwa kuwa ndizo atakazozitaja atakapoagiza silivu na pistoni.

Mchanga wa kalibu si ule unaopakiwa mitoni Ukambani. Wasubu chuma hutaka silika safi, yenye punje zinazolingana ukubwa, isiyolainika kwenye joto la nyuzi 1,400. Huichanganya na udongo wa bentonaiti ili ushikane, vumbi la makaa ya mawe, na maji kidogo sana. Vumbi la makaa lina kazi yake: chuma kinapoingia, huungua na kutoa gesi inayotandaza utando mwembamba kati ya chuma na mchanga, kwa hiyo chuma hakinati. Na kielelezo chenyewe hutengenezwa kikubwa kuliko bloki inayotakiwa, kwa asilimia moja hivi, maana chuma hujikunja kikipoa. Bloki ya urefu wa mita moja huzaliwa ndani ya nafasi iliyozidi mita hiyo kwa milimita kumi. Anayetengeneza kielelezo anachonga leo umbo la kitu kitakachokuwa kidogo kesho, na anapaswa kujua kila ukuta utajikunja kuelekea wapi.

Ubavuni mwa bloki kuna vifuniko vya mviringo vya bati. Mzee anavitoa kwa kugonga ukingo mmoja hadi kifuniko kigeuke, kisha anakivuta kwa koleo. Wengi hudhani vifuniko hivi viliwekwa ili vichomoke maji yakiganda kwa baridi, lakini matundu yake yana sababu ya zamani kuliko hiyo. Kuta za silinda zimezungukwa na maji ya kupoza, na njia hizo za maji hakuna mashine iwezayo kuzichonga, maana zimejificha ndani kabisa. Ili chuma kiache nafasi pale, lazima nafasi hiyo ijazwe kwanza na kitu ambacho baadaye kitaondoka. Kitu hicho ni kiini cha mchanga.

Nikiulizwa ni hatua gani ya kusubu bloki inayonistaajabisha kuliko zote, nitataja kiini cha maji. Mchanga hutiwa gundi ya kemikali, hupulizwa ndani ya sanduku la chuma kwa hewa ya nguvu, kisha gesi hupitishwa na mchanga unakuwa mgumu kwa sekunde chache. Kinachotoka ni umbo la maji yatakayokuja kuzunguka injini: pete sita zilizoshikana, zenye kuta nyembamba kiasi kwamba mfanyakazi hukishika kwa vidole vilivyotanuliwa ili uzito usielemee upande mmoja. Hukaguliwa ukingo kwa ukingo. Hupakwa rangi ya kuzuia joto, hukaushwa kwenye tanuri, kisha huunganishwa na viini vingine, cha sehemu ya kranki, cha njia za mafuta, cha mianya ya nati, mpaka vyote vinakuwa kifurushi kimoja kinachoshushwa ndani ya kalibu. Kiini cha maji hakiwezi kuelea hewani. Lazima kiwe na miguu ya kukishikilia kwenye ukuta wa kalibu. Mahali miguu hiyo ilipopita ndipo penye haya matundu ya mviringo. Na ni kupitia humo mchanga ulitolewa chuma kilipopoa, ukitikiswa na kugongwa hadi punje ya mwisho. Mzee anapoingiza kidole ndani ya tundu na kukizungusha, anafuata njia ya mchanga ule.

Baada ya kuosha, bloki inaning'inizwa tena kwenye mnyororo, na hapa karakana inanyamazishwa. Kijana anazima redio bila kuambiwa. Mzee anachukua nyundo ndogo na kugonga: ukuta wa kwanza wa beringi, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, kisha pembe nne za bloki. Anasikiliza. Chuma kizima cha aina hii hutoa mlio mfupi, mzito, unaozimika mapema. Chenye ufa hutoa mlio uliokatika, wenye mkwaruzo ndani yake. Anarudia ukuta wa tano mara mbili, akiwa ameinamisha kichwa.

Sababu ya mlio huo mfupi iko ndani ya chuma chenyewe, katika mambo madogo yasiyoonekana ila kwa hadubini. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, zaidi ya asilimia tatu. Kinapoganda, kaboni hiyo haibaki imeyeyuka. Hujitenga na kuwa grafiti, ile ile iliyo kwenye penseli. Katika chuma cha kijivu, ambacho ndicho kilichotengenezewa bloki za malori kwa zaidi ya miaka mia, grafiti hutawanyika katika vipande bapa vyenye kingo kali. Vipande hivyo ni vyema kwa mambo mengi. Humeza mtetemo, ndiyo maana mlio huzimika. Hupitisha joto vizuri. Hulainisha jino la mashine linapochonga, na hubakisha ulaini kwenye ukuta wa silinda. Lakini kila ukingo mkali ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na bloki ya dizeli hupigwa na moto maelfu ya mara kila dakika.

Mwaka 1948 wataalamu wa kusubu chuma walitangaziwa kwamba umbo la grafiti linaweza kubadilishwa. Henton Morrogh wa Uingereza alitumia seriamu. Keith Millis na wenzake wa kampuni ya International Nickel walitumia magnesi. Kiasi kidogo cha magnesi kikitiwa kwenye chuma kilichoyeyuka, grafiti huganda ikiwa mviringo, bila kingo. Chuma kile kikawa na nguvu nyingi na kikakubali kupinda kabla ya kuvunjika. Ukikigonga, hulia kwa muda mrefu. Lakini hakikufaa sana kwa bloki: hupitisha joto vibaya zaidi, na humeza mtetemo kidogo.

Kati ya hivyo viwili kuna chuma cha tatu. Ndani yake grafiti imekuwa vipande vifupi na vinene, vilivyopindapinda, vyenye ncha butu, na vimeunganika ndani kwa ndani. Ukilinganisha na chuma cha kijivu cha kawaida, nguvu yake ya kuhimili kuvutwa huzidi kwa asilimia 75 au zaidi, ugumu wa kutopinda kwa asilimia 40 hivi, na uwezo wa kuhimili mapigo yanayorudiwarudiwa hukaribia mara mbili. Hiki ndicho chuma ambacho viwanda vya ng'ambo vinasubia bloki za malori mapya. MAN ilikitumia katika injini ya D20 iliyotoka mwaka 2004, na DAF ikafuata na injini ya MX ya lita 12.9. Malori ya DAF na MAN tunayapisha kila siku kwenye barabara ya Mombasa, yakipanda na makontena kuelekea Malaba.

Haja ya chuma hicho ilitokana na dizeli yenyewe. Ili injini ile mafuta machache na itoe moshi kidogo, moto unapaswa kuwaka kwa shinikizo kubwa zaidi. Katika injini za malori za siku hizi shinikizo hilo hufika bari 200 na kupita. Dereva wa lori la Tala hujaza gurudumu lake pauni 110 au 120. Ndani ya silinda, kila mwako, shinikizo hilo la bari 200 ni kama pauni 2,900. Bloki ya chuma cha kijivu ingeweza kuhimili kwa kuongezewa unene, na lori lingebeba uzito huo maisha yake yote badala ya kubeba mzigo.

Tatizo ni kwamba chuma cha tatu kinapatikana kwa kujipenyeza katika nafasi nyembamba mno. Magnesi ikipungua, grafiti inarudi kuwa bapa. Ikizidi, inakuwa mviringo. Upana wa nafasi iliyo salama ni asilimia 0.008 tu. Katika tani nzima ya chuma, hiyo ni gramu 80. Na gramu 10 zikikosekana ukingoni mwa nafasi hiyo, mabaka ya grafiti bapa huanza kutokea na nguvu ya chuma hushuka kwa robo. Tena magnesi haitulii. Huchemka kwenye nyuzi 1,090 hivi, na chuma ndani ya upawa kina nyuzi zaidi ya 1,400. Kwa hiyo inapotiwa huwaka kwa mwanga mweupe mkali, sehemu yake huungana na salfa na oksijeni, nyingine hupaa. Hata baada ya ghasia kwisha huendelea kupotea, kiasi cha gramu 10 hizo kwa kila tani katika dakika tano. Msubu chuma anashindana na saa tangu upawa unapojazwa.

Kwa miongo mingi chuma hiki kilijulikana na hakikuthubutiwa kwa bloki. Mtu angeweza kukipata leo na kukikosa kesho, na bloki mbaya haijulikani kwa macho. Kampuni ya SinterCast ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1983, ilijenga kazi yake yote juu ya swali hilo moja: utajuaje, kabla ya kumimina, kwamba grafiti itakuwa na umbo linalotakiwa? Njia yao ni kuchota. Kikombe kidogo cha chuma huzamishwa ndani ya upawa, huchukua gramu 200, na vipimajoto viwili ndani yake hufuatilia jinsi sampuli ile inavyopoa na kuganda. Mteremko wa joto una vituo vyake, na aliyeuchunguza kwa muda mrefu anasoma humo kile ambacho upawa mzima utakuja kuwa. Kwa makusudi hutiwa magnesi pungufu kidogo mwanzoni, maana kuongeza kunawezekana na kupunguza hakuwezekani. Kisha, kwa mujibu wa sampuli, waya uliojazwa magnesi huingizwa ndani ya chuma, urefu uliopimwa, hata sentimita moja isizidi. Ndipo humiminwa. Tupy, iliyoanza kazi mwaka 1938 mjini Joinville, Brazil, ni miongoni mwa viwanda vinavyosubu bloki kwa njia hii.

Kumimina kwenyewe ni kwa sekunde chache, na kila mtu aliyeona chuma kikimiminwa hukumbuka hapo tu. Mimi nadhani uzuri uko katika saa zinazofuata, ambapo hakuna anayefanya lolote. Bloki huachwa ndani ya mchanga ipoe. Ukiharakisha kuitoa, kuta nyembamba hupoa kabla ya nene, zikavutana, na mvutano huo hubaki umefungwa ndani ya chuma ukingoja siku ya kupinda. Zamani watengenezaji wengine waliweka bloki nje kwa miezi, zikapigwa na mvua na jua, mpaka chuma kilegee kabla ya kuchongwa.

Ukambani haikuwa ngeni kwa kazi ya kupata chuma mchangani. Wahunzi wa Wakamba waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi uliookotwa kwenye mito, ule ambao maji huuacha nyuma kwa sababu ni mzito, na mikufu yao myembamba ilisifiwa. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika juu ya maisha na kazi za watu hawa katika kitabu kilichochapishwa Uppsala mwaka 1920. Na Kenya imewahi kujaribu injini yake: magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa mwaka 1990, na kutokana na juhudi ile kikazaliwa kiwanda cha Numerical Machining Complex jijini Nairobi. Bado bloki za malori yetu zinakuja kwa meli. Natamani kwa dhati kuishi hadi nione moja iliyosubiwa hapa, na ninajua kutokana na gramu zile kumi kwa nini shauku peke yake haitoshi.

Bloki ya Fuso ni ya chuma cha kijivu, cha tabia ile ya zamani, na imesema mlio wake. Lakini mzee haliamini sikio lake peke yake. Anapaka mafuta ya taa kuzunguka ukuta wa tano na kati ya silinda na silinda, anangoja yapenye, anafuta mpaka pakavu kabisa, kisha anapuliza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatachomoza na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Anakaa kwenye kigoda akiangalia. Hakuna mstari. Anakaa tena kidogo.

Upimaji hauwezi kufanyika mchana huo. Bloki imekaa karibu na moto na jua limeipiga, na chuma chenye joto ni kikubwa kuliko chuma baridi: tundu la milimita 118 likipata nyuzi kumi zaidi hupanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita. Inafunikwa kwa gunia safi na kuachwa hadi asubuhi, na maikromita huwekwa kando yake, zilale kwenye hewa moja.

Asubuhi mzee anaanza na rula ya chuma, inayohifadhiwa ndani ya sanduku lake la mbao na haitumiki kwa jambo lingine lolote. Anaiweka juu ya uso wa bloki kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mishazari miwili, na kila mara anajaribu kupitisha fila geji nyembamba chini yake. Kisha anaingiza geji ya saa kwenye silinda ya kwanza. Anaitikisa polepole mbele na nyuma mpaka sindano ifike mwisho na kugeuka, na pale inapogeukia ndipo kipimo kilipo. Juu, katikati, chini. Kwa upande wa kranki, kisha kuukata. Vipimo sita kwa kila silinda, thelathini na sita kwa bloki, na kijana anaviandika ukutani. Silinda haijaliwa sawasawa. Sehemu ya juu, mahali ringi ya kwanza inapofika na kugeuka, ndipo palipoliwa zaidi, maana pale moto ni mkali, mafuta ni haba, na ringi inasimama kwa nukta moja. Upande ambao pistoni huegemea umeliwa kuliko ubavu. Chini kabisa tundu lingali zima. Kwenye ukuta wa karakana yameandikwa maisha yote ya lori: mteremko, mzigo, vumbi lililopita filta.

"Ya nne imeliwa sana, mzee," kijana anasema.

"Ipime tena. Usiisome kabla sindano haijarudi."

Silivu za zamani, ambazo ndizo kuta za silinda hizo, lazima zitoke. Ni nyembamba na zimebanwa ndani ya bloki kwa nguvu, na kuzivunja kwa patasi kunaweza kukwaruza tundu linalozishika. Mzee anatumia njia ya kuvutia. Anawasha welding na kupitisha mstari mmoja wa weld ndani ya silivu, kutoka juu hadi chini, kisha anazima na kungoja. Mstari ule unapopoa hujikunja, unaivuta silivu yote, inakuwa ndogo kuliko tundu lake. Baada ya muda anaisukuma kwa kipande cha mbao na inashuka yenyewe. Tabia ile ile iliyomlazimu mtengeneza kielelezo wa Japani kuongeza asilimia moja, hapa imetumwa kufanya kazi.

Matundu matupu yanapimwa upya, yanafutwa kwa kitambaa, na silivu mpya zinashushwa kwa presi ya haidroliki. Mzee anashika mpini wa presi mwenyewe. Silivu ikianza kuingia kwa kuinama, mkono unasikia kabla geji ya presi haijaonyesha; anasimama, anarudisha, anaanza upya. Ya tatu anairudisha mara kadhaa.

Mashine ya kuchonga ni ndogo, ya zamani, na hufungwa juu ya bloki yenyewe. Kabla ya kuikaza anaipanga kwa kufuata sehemu ya chini ya tundu, ili kitovu cha silinda kibaki pale kilipowekwa kiwandani. Kisha jino la kabaidi linaanza kuzunguka na kushuka polepole. Chuma cha kusubu hakitoi nyuzi ndefu zinazojikunja kama za chuma cha pua. Hutoka makombo meusi makavu, na grafiti huvipaka vidole weusi usiotoka kwa sabuni. Anachonga kidogo na kupima, anachonga kidogo na kupima, na mkato wa mwisho ni mwembamba kuliko yote.

Nilimuuliza juu ya zile bloki mpya za Ulaya. Ameshika moja, alisema, na ilimtaka atulie zaidi. Nimefurahi kuelewa kwa nini. Viwanda vilipoanza kuchonga chuma cha tatu kwa mashine za kasi kubwa, meno ya kukatia yaliisha upesi mno. Mengine yalidumu sehemu ya kumi ya muda yaliouzoea. Katika chuma cha kijivu, salfa na manganizi huungana na kulipaka jino utando unaolilinda. Katika chuma kile, salfa ni kidogo na magnesi imeshaichukua, kwa hiyo jino hubaki wazi. Ilibidi kupunguza kasi na kugawa kazi kwa meno mengi kwa pamoja. Mashine ya mzee, isiyojua kwenda mbio, inakata karibu na mwendo ambao chuma hicho kinaukubali.

Mwisho ni jiwe. Vijiwe vilivyofungwa kwenye mti wa chuma vinazunguka ndani ya silinda huku vikipandishwa na kushushwa, na mafuta yakitiririka. Mwendo wa kupanda na mwendo wa kuzunguka lazima viende pamoja, ili mikwaruzo ikatane kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60. Ukipandisha taratibu mno, mistari inalala, ukiharakisha, inasimama. Mzee hana kipima mwendo, ana bega. Anapotoa jiwe na kumulika kwa tochi, ukuta una msuko mwembamba uliopishana kama wa kiondo, sawasawa kutoka juu hadi chini. Humo ndimo mafuta yatakaa, na ringi zitapita juu yake bila kugusa chuma kikavu. Silinda ya nne haimridhishi karibu na ukingo wa chini. Mimi sioni tofauti. Anarudisha jiwe.

Kuosha kwa pili ni kwa maji ya moto na sabuni ya unga, maana dizeli haiondoi vumbi la jiwe vizuri. Anafuta kila silinda kwa kitambaa cheupe cha pamba, anakitazama, anafuta tena kwa kingine, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha mafuta safi ya injini yanapakwa kwa kiganja, papo hapo, kabla unyevu haujaleta kutu. Vifuniko vipya vya mviringo vinagongwa ubavuni juu ya matundu ya mchanga. Vipimo vya silinda sita vinanakiliwa kutoka ukutani kwenye karatasi: kipenyo cha kila silinda, na pistoni itakayoingia humo, kwa nambari.

Mwenye lori amefika na pikapu, na ana haraka. Anauliza kama anaweza kupakia mchanga wiki hiyo.

"Pakia nusu kwanza," mzee anamwambia, akimkabidhi karatasi. "Usimwache dereva aisukume sana mlima wa kuja Tala, na usiiache iungurume bure imesimama. Mafuta ya kwanza uyamwage mapema, yatatoka na chuma. Fundi atakayefunga pistoni mwambie afuate hizi nambari, asichanganye."

Mwenye lori anaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mzee anamwomba aitoe, aisome kwa sauti, silinda baada ya silinda.